Figo yako ina bei gani? Jiulize swali hili kabla dalali hajakuuliza

“NIUZE figo ama?” Utani huu umezoeleka. Simu mpya ikitoka, tiketi ya tamasha ikipanda bei, au landilodi akianza kupiga simu tarehe tano ya mwezi, lazima mtu mmoja kwenye grupu ya WhatsApp ataandika hivyo. Wengine watamwaga emoji za kucheka, kisha stori inaendelea.

Lakini kuna vijana ambao hawakuwa wakitania.

Mnamo 2011, mvulana wa miaka 17 kutoka mkoa wa Anhui nchini China alikubali kufanyiwa upasuaji wa kisiri akatolewa figo moja. Alilipwa yuan 22,000 hivi, akanunua iPhone na iPad. Mamake alipoona vifaa hivyo vipya alimbana aeleze alikotoa pesa, na siri ikatoka.

Waliopanga biashara hiyo walifikishwa kortini mwaka uliofuata. Ndipo ikajulikana kwamba mpangaji mkuu alikuwa amepokea takriban mara kumi ya kile alichopewa mvulana, akagawana na waliomsaidia, daktari wa upasuaji akiwemo. Kijana mwenyewe alibaki na simu, tableti na figo iliyoanza kumsumbua.

China ni mbali, utasema. Haya, turudi nyumbani.

Aprili 2025, mashirika matatu ya habari ya Ujerumani, DW, Der Spiegel na ZDF, yalichapisha uchunguzi wa pamoja kuhusu biashara ya figo iliyodaiwa kuendeshwa Kenya. Baadhi ya waliohojiwa walikuwa vijana kutoka eneo la Oyugis, Kaunti ya Homa Bay. Mmoja alisema aliahidiwa dola 6,000 lakini akaishia kupata dola 4,000, takriban Sh520,000. Alisema pia kuwa alipewa karatasi za Kiingereza azitie sahihi bila kuelezwa vizuri hatari zilizomkabili.

Upande wa pili wa biashara hiyo, kulingana na uchunguzi huo, walikuwepo wagonjwa kutoka nchi za nje waliolipa hadi dola 200,000. Hizo ni karibu Sh26 milioni.

Waziri wa Afya Aden Duale alisimamisha huduma za upandikizaji wa figo katika hospitali iliyotajwa mjini Eldoret na kuunda jopo la kuchunguza madai hayo. Hospitali hiyo ilikanusha kufanya kosa lolote.

Tuweke kesi pembeni, hiyo ni kazi ya wachunguzi na mahakama. Swali linalobaki ni letu sote: Ikiwa mtu mzima, mwenye akili timamu, ana figo mbili na deni moja kubwa, kuna ubaya gani akiuza figo moja?

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 haina kona kona katika suala hili. Kutoa kiungo kumsaidia mgonjwa kunaruhusiwa, mradi mtoaji ametoa idhini kwa maandishi na utaratibu wa kitabibu umefuatwa. Kuweka kiungo bei ndiko kosa. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi Sh10 milioni, kufungwa hadi miaka 10 jela, au yote mawili.

Ipo sheria nyingine kali zaidi. Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010 inataja kumtumia mtu kwa nguvu au kwa ulaghai ili atolewe viungo kuwa mojawapo ya sura za ulanguzi. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, faini isiyopungua Sh30 milioni, au zote mbili.

Juu ya sheria hizo kuna Katiba. Kifungu cha 26 kinalinda haki ya kila mtu kuishi. Kifungu cha 28 kinasema kila mtu ana hadhi ya kiutu na ana haki hadhi hiyo iheshimiwe na ilindwe. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hadhi hiyo hupungua salio la M-Pesa likipungua.

Lakini sheria peke yake haitoshi kumshawishi kijana aliyekwama. Sheria inasema “usifanye”, naye anauliza “kwa nini?” Hapo ndipo inapoingia taaluma ya bayoethiki, yaani maadili yanayohusu uhai na tiba. Taaluma hii inauliza maswali ambayo hayana jibu kwenye eksirei wala kwenye maabara. Nani atibiwe kwanza? Nani ana haki ya kuamua kuhusu mwili wa mgonjwa? Je, maisha ya mtu mmoja yanaweza kuwa na thamani kuliko ya mwingine?

KAMATI ILIYOCHAGUA NANI AISHI

Cha kushangaza ni kwamba taaluma hii ilipata sehemu kubwa ya msukumo wake kutokana na kiungo hikihiki, figo.

Kabla ya miaka ya 1960, mtu ambaye figo zake zilikuwa zimekufa kabisa alikuwa anangoja siku tu. Mashine ya kusafisha damu ilikuwepo, lakini kila mara ilipotumika ilibidi mishipa ikatwe upya, na mishipa ikiisha, matibabu yanaisha. Mwaka 1960, daktari Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alitengeneza kifaa cha mirija kilichobaki mkononi mwa mgonjwa. Sasa mtu angeweza kusafishwa damu mara kwa mara, kwa miaka.

Habari njema. Tatizo likawa mashine zilikuwa chache mno na wagonjwa walikuwa wengi. Ikaundwa kamati ya raia saba wa kawaida, ambao majina yao hayakutangazwa, iamue nani aunganishwe na mashine. Madaktari walikuwa wameshachuja orodha kwanza. Aliyezidi miaka 45 alitolewa, na watoto pia wakatolewa.

Kamati ilipokaa ilitazama mambo gani? Umri, jinsia, kama mtu ameoa au ameolewa, ana watoto wangapi, mapato yake, mali yake, elimu yake, kazi yake, na hata kama ni mtu wa kanisa. Novemba 1962 jarida la Life lilichapisha makala ya mwanahabari Shana Alexander kuhusu kamati hiyo, na Wamarekani wengi wakashtuka. Watu wakaanza kuiita kamati ya Mungu.

Hebu jiweke kwenye orodha hiyo. Wewe ni msela wa miaka 23, huna mke wala mume, unauza mitumba Gikomba, Jumapili unalala hadi saa sita. Mwenzako ni meneja wa benki mwenye watoto watatu na kiti chake cha mbele kanisani. Mashine ni moja. Unadhani ungechaguliwa?

Walioketi kwenye kamati hiyo hawakuwa watu wabaya. Walijitolea, na kazi hiyo iliwaumiza roho. Kosa lilikuwa katika kipimo walichotumia. Walipima kama maisha ya mtu yana manufaa kwa wengine, kisha wakayachukulia manufaa hayo kuwa ndiyo thamani ya mtu mwenyewe. Kwa kipimo hicho, maskini, kapera, mlevi na asiye na kazi wote wanashuka daraja, ingawa figo zao zinauma sawasawa na za meneja.

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugharimia matibabu ya karibu kila raia mwenye maradhi ya figo yaliyofika kiwango cha mwisho. Dawa ya kamati ile haikuwa kutafuta kamati yenye busara zaidi. Ilikuwa kuongeza mashine na kulipia watu.

SI HADITHI YA ZAMANI

Kenya pia tumewahi kuona foleni ya aina hiyo, japo bila kamati. Mnamo Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha ICU. Ripoti za wakati huo zilieleza kuwa kwingine hakukuwa na nafasi, na kwingine malipo ya awali yalihitajika. Alifariki. Ilhali Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Hakuna aliyekaa mezani na kuamua kwamba maisha ya mtu yule hayana thamani. Foleni iliamua, na deposit ikaamua. Jamii huweka bei kwa maisha ya watu bila kusema neno, kwa kuamua tu ni vitanda vingapi vitanunuliwa na nani atatakiwa kulipa kwanza.

Basi ukitafakari kuhusu kuuza figo, anza hapo. Mnunuzi na muuzaji wote wawili wamefikishwa pale na uhaba. Mmoja amekosa figo, mwingine amekosa pesa. Dalali anasimama katikati, naye hajakosa chochote.

‘MWILI NI WANGU’

Hoja ya kwanza ya anayetaka kuuza ni hii: mwili ni wangu, uamuzi ni wangu. Nayo si hoja ya kijinga. Mwaka 1979 wasomi wawili wa Marekani, Tom Beauchamp na James Childress, walichapisha kitabu kilichopanga maadili ya tiba katika nguzo nne: uhuru wa mtu kuamua, kumtendea mgonjwa mema, kutomdhuru, na haki. Uhuru wa kuamua ni mojawapo ya nguzo hizo. Daktari hawezi kukupasua bila idhini yako hata kama anataka kukuokoa.

Na wapo wanafalsafa wanaoenda mbali zaidi. Wanauliza: Kama tunamruhusu kijana apande mjengo ghorofa ya 15 bila mkanda wa usalama kwa mia sita kwa siku, kwa nini tumkataze kuuza figo kwa laki tano? Ukimzuia, umemwondolea njia moja ya kujikwamua na hujampa nyingine.

Swali hilo ni gumu na linastahili heshima. Jibu lake lina sehemu tatu.

Kwanza, uhuru wa kuamua unahitaji taarifa. Mtu akipewa karatasi za lugha asiyoimudu vizuri, akaambiwa “weka sahihi hapa, utarudi nyumbani baada ya siku chache”, huyo hajaamua, ameamuliwa. Idhini ya kweli inataka mtu aelezwe hatari, apewe muda, na aweze kusema hapana dakika ya mwisho bila mtu kumdai nauli na chakula alichonunuliwa.

Pili, uhuru unahitaji njia zaidi ya moja. Anayedaiwa na mikopo ya app tatu, Fuliza imejaa na mwenye nyumba amefunga mlango kwa kufuli, hachagui kati ya kuuza na kutouza. Anachagua kati ya kuuza na kulala nje. Kuhusu kijana wa mjengo, jibu si kumpa soko la figo. Jibu ni kumpa mkanda wa usalama na mshahara unaoeleweka.

Tatu, na hili ndilo wengi hawalijui, pesa hizo hazimalizi shida.

HESABU YA CHENNAI

Mwaka 2002, jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti kuhusu watu 305 waliokuwa wameuza figo katika mji wa Chennai, kusini mwa India. Asilimia 96 waliuza ili walipe madeni. Kwa wastani walipata dola 1,070 kila mmoja.

Watafiti walitaka kujua hali yao ilikuwaje miaka kadhaa baadaye. Mapato ya familia zao yalikuwa yameshuka kwa thuluthi moja. Robo tatu yao walikuwa bado na madeni. Asilimia 86 hivi walisema afya yao ilikuwa imezorota tangu upasuaji. Walipoulizwa kama wangemshauri mtu mwingine auze figo, asilimia 79 walisema hapana.

Soma tena hiyo ya madeni. Waliuza figo kwa sababu ya deni, na bado deni lipo.

Si vigumu kuelewa sababu. Wengi wa wanaouza ni watu wa kazi za mikono, kubeba mizigo, kulima, kuendesha mkokoteni. Ukitoka kwenye upasuaji huwezi kuinua gunia kwa wiki kadhaa, na wengine hawarudii nguvu zao za awali. Deni nalo lilizaliwa na mapato madogo, na mapato yamekuwa madogo zaidi. Laki tano mjini zinaisha kabla kovu halijakauka vizuri.

Mkondo huohuo ulionekana Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu maskini kutoka mji wa Recife, Brazil, walisafirishwa hadi Durban kutolewa figo kwa ajili ya wagonjwa kutoka Israeli. Kadiri wengi walivyojitokeza kuuza, ndivyo bei yao ilivyoshuka. Novemba 2010 kampuni ya hospitali iliyohusika ilikiri makosa mahakamani, yakiwemo ya upasuaji uliowahusu watoto.

Sokoni ndivyo mambo yalivyo. Nyanya zikijaa Wakulima, bei inaanguka. Binadamu wakigeuzwa nyanya, bei yao pia inaanguka.

Iran imejaribu njia nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nchi hiyo imeruhusu mtu kulipwa kwa kutoa figo chini ya mfumo unaosimamiwa, na serikali huchangia sehemu ya malipo. Watetezi wanasema umepunguza sana foleni ya wagonjwa. Wakosoaji wanauliza swali moja tu: Kwa nini wanaouza karibu wote ni maskini? Nguzo ya nne ya maadili ya tiba ni haki, na hapo ndipo inapouma. Figo husafiri kutoka kwa asiye nacho kwenda kwa aliye nacho, na mpaka leo haijawahi kurudi.

‘NIMEVUNJIKA MGUU’

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu alichochapisha 1785, alitofautisha vitu vyenye bei na vyenye hadhi. Chenye bei unaweza kukibadilisha na kingine cha thamani sawa. Chenye hadhi hakina badala yake. Simu ikipotea, unanunua nyingine. Mtu akifa, hata ukizaa mwingine, si yeye.

Lakini hatuhitaji kwenda Ujerumani kulielewa hili. Kumbuka ngeli ulizokariri shuleni. Kiti kimevunjika, mtu amevunjika. Ukisema “mtu kimefika” umemtusi, na hata mtoto wa chekechea atakucheka.

Sasa sikiliza tunavyozungumzia mwili. Gari likiharibika unasema “gari langu limeharibika”. Lakini ukianguka na boda, unasema “nimevunjika mguu”. Aliyevunjika ni wewe, mguu unaonyesha tu mahali. Ukiumwa na kichwa, anayeumwa ni wewe. Kiswahili hakioni mwili kama mali iliyoegeshwa nje ambayo mwenyewe anaweza kuitoa vipuri.

Ndiyo maana tunasema “utu”. Hatukupewa utu kwa sababu tuna pesa, kazi au afya. Tumekuwa nao kwa kuwa watu. Mzee asiyejitambua kitandani anao. Mtoto mchanga asiyejua jina lake anao. Mhuni aliyefungwa Kamiti anao.

Mtu anaweza kuuliza: Mbona basi huwa tunalipana pesa mtu akifa? Kweli, sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini. Mila za Kiislamu na za Wasomali nazo zinafahamu dia ya ngamia 100. Bima nazo hulipa.

Tofauti ni kwamba fidia si bei. Fidia inakuja baada ya msiba, kuwashika mkono waliobaki na kumfanya aliyesababisha au anayehusika awajibike. Hakuna anayeweza kwenda kwa familia na Sh5 milioni mkononi aseme, “Nimelipa kabisa, sasa nipeni mtu wenu aliwe na simba.” Siku hilo likiwezekana, ndipo fidia itakuwa imegeuka bei.

NA MGONJWA JE?

Tukiishia hapo tutakuwa tumemsahau mtu mmoja muhimu. Kuna Mkenya, huenda hata ni mamako, shangazi yako au jirani wa ploti, ambaye figo zake zimefeli. Kwa kawaida anatakiwa kuunganishwa na mashine mara mbili au tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara. Hawezi kusafiri mbali na mashine. Kunywa maji anapimiwa. Kazi nyingi hawezi kuzifanya.

Kwa mtu huyo, kupandikizwa figo ni kama kurudishiwa maisha. Tangu upandikizaji wa kwanza uliofaulu, uliofanywa mjini Boston mwaka 1954 kati ya ndugu pacha, mamilioni ya siku zimeongezwa kwa watu waliokuwa wamekata tamaa. Naye ana utu uleule tunaoutetea. Tukimwambia “usinunue”, lazima tumwambie pia apate wapi.

Njia zipo, ila zinataka kazi.

Ya kwanza ni kutoa kwa hiari. Ndugu kumpa ndugu figo ni mojawapo ya zawadi kubwa kabisa ambazo binadamu anaweza kumpa mwenzake. Mtu mwenye afya akipimwa vizuri anaweza kuishi miaka mingi na figo moja, kwani inayobaki huongezeka ukubwa na kubeba kazi. Hata hivyo, si mchezo. Ni upasuaji mkubwa, vifo ni nadra lakini vipo, na mtoaji anahitaji kukaguliwa shinikizo la damu na figo maisha yake yote. Kina dada wanaopanga kupata mimba baadaye wanafaa kujua kuwa hatari ya shinikizo la damu wakati wa ujauzito huongezeka. Anayetoa kwa upendo huelezwa haya yote na hufuatiliwa. Anayeuza kisiri hupewa bahasha na simu ya dalali ambayo baada ya wiki mbili haishiki.

Ya pili ni kutoa viungo baada ya kifo. Sheria ya Afya inamruhusu mtu mwenye uwezo wa kuandika wasia kuamua kuwa viungo vyake vitumike akishafariki. Uhispania imekuwa mfano duniani kwa njia hii. Kwetu, karibu figo zote zinazopandikizwa hutoka kwa watu walio hai, kwa kuwa mfumo wa kupokea za marehemu haujakomaa, na familia nyingi hazitaki hata kulizungumzia. Mwili wa marehemu una heshima yake katika mila na dini zetu, na heshima hiyo si ya kudharauliwa. Lakini mazungumzo yanaweza kuanza mezani, watu wakiwa hai na wakiwa na afya.

Ya tatu ndiyo rahisi zaidi na ndiyo inayopuuzwa: kuzuia figo zisife. Kisukari na shinikizo la damu ndivyo vyanzo vikuu vya figo kufeli, na vyote viwili hukaa kimya kwa miaka. Kupimwa presha ni dakika mbili. Kumeza tembe za maumivu kila siku bila daktari kujua ni kujichimbia shimo. Kila figo inayookolewa mapema ni figo moja ambayo dalali hatapata mteja wake.

UKIFUATWA NA DALALI

Mara nyingi dalali si mtu wa kutisha. Kulingana na uchunguzi wa 2025, baadhi ya waliouza figo waligeuka kuwa wa kuwavuta wenzao ili walipwe kamisheni. Kwa hivyo anaweza kuwa beste yako, mtu mliyecheza naye mpira, aliyerudi mtaani na pikipiki mpya. Akikujia na “deal safi”, muulize haya:

• Mgonjwa ni nani, na kwa nini natakiwa kusema ni binamu yangu wakati simjui?

• Nani atanilipia vipimo mwaka ujao, na mwaka wa tano, na wa kumi?

• Mbona mkataba hausemi chochote kuhusu pesa tulizokubaliana?

• Nikibadili nia nikiwa tayari nimevaa gauni la upasuaji, itakuwaje?

• Mgonjwa analipa ngapi, na zinazobaki zinaenda kwa nani?

Akianza kujikuna kichwa, una jibu. Usisafiri naye, usimpe kitambulisho chako, usiweke sahihi. Mwambie mtu unayemwamini, na upige ripoti kwa DCI. Malalamishi kuhusu daktari au hospitali hupelekwa kwa baraza linalosimamia madaktari, KMPDC.

Kama ulishauza, usijifiche kwa aibu au kwa hofu ya kushikwa. Nenda hospitali ya umma ukakaguliwe presha na figo, na umweleze daktari ukweli wote. Anatakiwa kukutunzia siri. Mtu aliyedanganywa hapotezi utu wake kwa kudanganywa.

Na kama wewe ndiye beste wa mtu anayezama kwenye madeni, mpigie simu kabla dalali hajampigia. Huenda huna laki tano za kumpa. Lakini chama cha elfu mbili mbili, godoro la kulala wiki mbili, au mtu wa kuandamana naye kwenda kuongea na mwenye nyumba, vimewahi kumtoa mtu mahali ambapo alidhani amebaki na mwili wake tu wa kuuza.